Mate ya Cucu

Nilipokuwa mtoto, hakuna mtu wa nyumbani kwetu aliyeanza safari ya maana kabla Cucu hajamtemea mate. Najua wengine watakunja uso wakisoma hivyo. Lakini kwetu mate ya nyanya yalikuwa kama koti: ungeweza kutoka bila hayo, ila kila aliyekuona angeuliza kama una akili timamu.

Cucu alikuwa mama mzazi wa baba. Aliishi Kiganjo, pembeni mwa mji wa Thika, siku ambazo Kiganjo ilikuwa bado migomba na mahindi, kabla nyumba za kupangisha hazijafika mlangoni pake. Sisi tuliishi Ruiru, katika nyumba za wafanyakazi wa shamba la kahawa ambako baba alikuwa nyapara. Mama alifanya kazi katika kiwanda cha nguo kule Eneo la Viwanda, Thika. Mmoja wetu akiwa na mtihani mkubwa, au jamaa akipata kazi mbali, alipelekwa Kiganjo. Cucu alimketisha kwenye kigoda, akapiga funda la maziwa, akaligeuzageuza mdomoni huku amefumba macho, kisha akampulizia viganjani na kifuani: pfu! Halafu alisema, "Thaai," yaani amani, na wote tuliokuwa pale tukaitikia, "Thaai." Maziwa yale yalikuwa na uvuguvugu na yalinuka ugoro. Tulicheka kwa siri, lakini hakuna aliyethubutu kujifuta kabla hayajakauka yenyewe.

Kulikuwa na sababu ya woga huo. Baba alikuwa na mdogo wake, Kamau, ambaye mimi sikuwahi kumwona. Kamau aligombana na Cucu kwa sababu ya msichana aliyetaka kumwoa, akafunga nguo zake na kuondoka kwenda Mombasa asubuhi hiyo hiyo, bila maziwa, bila thaai. Hakurudi. Baba alimfuata huko zaidi ya mara moja, akauliza bandarini na kwenye nyumba za kulala wageni, na hakupata mtu hata mmoja aliyelijua jina lake. Mtu mwingine angesema kijana alipotea mjini, kama wanavyopotea wengi. Kwetu haikusemwa hivyo. Kamau alitoka kifua kikavu, na njia ikammeza. Tangu hapo Cucu aliapa kwamba hakuna damu yake itakayotoka tena namna ile.

Dada yangu Gladys alikuwa kifungua mimba. Kwa desturi yetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, kwa hiyo jina lake la nyumbani lilikuwa Nyokabi, kama Cucu. Baba hakumwita Gladys hata siku moja, wala Nyokabi. Alimwita Maitu, mama yangu. Alipotaka chai alisema, "Maitu, niletee chai." Na Gladys alipofanya kosa, baba alishindwa kumchapa, angempigaje mama yake? Mimi nilipewa jina la upande wa mama, na viboko vyangu nilivipata vyote.

Nilikuwa darasa la nne Gladys alipopata nafasi ya kwenda India kusomea famasia. Kanisa la mama lilichanga, majirani wakachanga, tiketi ikanunuliwa, na tukaambiwa waziwazi kwamba siku ya kusafiri ikishawekwa haibadilishwi. Ilikuwa Ijumaa. Wiki ile ya mwisho mama alikuwa ameipanga kama harusi. Alhamisi marafiki wa Gladys wangekuja Ruiru kula chapati na kuku. Jumatano tungekwenda wote Kiganjo kwa Cucu, na Gladys angetemewa mate. Mama alikuwa ameokoka na mambo ya mate hakuyapenda, lakini alijua mumewe hangekubali mtoto aondoke bila hayo, basi akayavumilia kama mtu anavyovumilia mvua.

Jumatatu jirani wa Cucu alifika kwetu kwa baiskeli, jasho likimtiririka. Tulikuwa uani. Gladys alikuwa akijaribu sweta ambayo mama alimnunulia, ingawa kila mtu alikuwa amemwambia India kuna joto.

"Baba Gladys yuko wapi?" mtu yule aliuliza. "Mama yake ameanguka kwenye migomba. Anaongea vitu haviskiki."

Gladys alikimbia kumtafuta baba kwenye mistari ya kahawa akiwa bado amevaa ile sweta.

Cucu alikuwa amepigwa na kiharusi. Alilazwa Thika, na kesho yake daktari akamwita baba kando, akamwambia kwa upole kwamba wamefanya wanachoweza, na kwamba wengi hupenda kuwa na wazee wao nyumbani siku kama hizi. Baba alikodi mkokoteni wa punda, akautandika godoro, akamrudisha mama yake Kiganjo huku ameshikilia mwavuli juu ya uso wake. Sisi tulikuwa tukingoja mlangoni. Nilipomwona Cucu sikumjua. Upande mmoja wa uso ulikuwa umeteremka, jicho moja halifungi, mdomo umevutwa kando kana kwamba mtu ameushika kwa kidole. Mkono wa kulia ulilala kama kitu kisicho chake. Na mate, yale mate tuliyoyaheshimu maisha yetu yote, yalikuwa yakimtoka yenyewe, yakishuka kidevuni na kulowesha kanga, na hakuna alichoweza kufanya kuyazuia wala kuyatuma.

Nadhani baba ndiye aliyeelewa kwanza. Alimtazama mama yake, akamtazama Gladys, akatoka nje, akasimama akielekea migomba.

Ile karamu ya Ruiru haikufanyika. Tulihamia Kiganjo, sanduku la Gladys likiwemo, na siku zake za mwisho za nyumbani alizipitisha kwenye kigoda kando ya kitanda cha Cucu. Marafiki zake walikuja mpaka huko, wakasimama mlangoni wakiwa na nguo zao nzuri, wakasema pole na safari njema kwa pumzi moja, wakaondoka hawajui washike kipi. Gladys aliwashukuru bila kusimama. Alikuwa akimfuta Cucu uso kwa kitambaa, akikikamua, akimfuta tena.

Jumatano mchana nilimwona akifanya jambo ambalo sijalisahau. Alidhani hakuna anayemtazama. Mimi nilikuwa sakafuni nikimenya maharagwe. Aliweka kiganja chini ya kidevu cha Cucu, akakinga yale mate mpaka yakawa mengi, akafungua kifungo cha blauzi na kujipaka kifuani. "Thaai," alijiambia mwenyewe.

Baba alikuwa mlangoni.

"Maitu," alisema. Hakupaza sauti. "Hayo yanadondoka tu. Hayajatolewa."

"Lakini ni yake, Baba."

"Ni yake. Ndiyo sababu huwezi kuyachukua bila yeye kukupa. Jifute."

Gladys alijifuta. Alijifuta polepole kwa upindo wa sketi, machozi yakimwanguka juu ya mkono, na baba alisimama pale mpaka alipomaliza. Kwa muda mrefu nilimchukia baba kwa sababu ya neno lile, jifute. Sasa nina umri unaopita aliokuwa nao siku ile, na ninapomkumbuka namwona mtu aliyewahi kumtafuta ndugu yake bandarini akamkosa.

Mama hakuweza kuvumilia tena. Walikabiliana jikoni, nasi tukasikia kila kitu, maana jiko la Cucu lilikuwa la mbao zenye nyufa.

"Baba Gladys, mtoto huyu ameombewa na kanisa nzima. Mungu hajui njia ya India?"

"Kamau alikuwa amebatizwa."

"Kamau alikuwa Kamau!"

"Na huyu ni mama yangu," baba alisema. "Wote wawili ni mama yangu. Mmoja anaondoka hapo kitandani. Unataka niiachie njia na huyu wa pili, hivi hivi, kifua kikavu?"

Nilisikia sufuria ikiwekwa chini. Baadaye mama alipendekeza aitwe dada yake Cucu, aliyekuwa bado hai upande wa Gatanya, aje kumtemea Gladys mate badala yake. Baba alikataa: mwenye baraka akiwa bado hai, mwingine haitoi badala yake. Baba mwenyewe pia hakuweza. Mama yake akiwa bado anapumua, mwana hana mdomo wa kubariki. Kila mlango tuliougusa ulikuwa umefungwa kwa ndani, na aliyeufunga alikuwa amelala hawezi kuinuka.

Alhamisi Gladys alijaribu maziwa. Aliyapasha moto, akayatia kwenye kikombe cha bati cha Cucu mwenyewe, akaniita nimsaidie kumwinua. Nilipiga magoti nyuma ya Cucu kitandani, mgongo wake ukiwa umenilalia kifuani. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyofikiri.

"Cucu," Gladys alisema, "ni mimi Nyokabi. Naenda kesho. Nitakupa maziwa kidogo, halafu ufanye hivi." Akajaza mashavu, akapuliza. "Pfu. Umeona? Pfu. Kidogo tu, Cucu wangu."

Jicho zima la Cucu lilimwangalia. Lilijua. Hilo ndilo ninaloweza kuliapia hata leo: mle ndani alikuwemo, mzima, na alielewa alichoombwa. Gladys akampa kijiko. Maziwa yakaingia, mashavu ya Cucu yakacheza, shingo ikakaza dhidi ya kifua changu, kisha yakateremka yote upande ule uliokufa. Gladys akampa kijiko kingine. "Pfu, Cucu." Yakateremka. Akampa kingine, na kingine, haraka zaidi, akisema pfu, pfu, sauti ikimpanda, mpaka Cucu akapaliwa. Mwili wote uliruka. Uso ukabadilika rangi. Nilipiga kelele, mama akaingia mbio, akamgeuza Cucu ubavu na kumpiga mgongoni mpaka pumzi ikarudi kwa mlio ambao sipendi kuukumbuka.

"Unataka kumuua?" mama alimfokea Gladys. "Gladys! Unataka kumuua ndio uende?"

Gladys alikuwa amerudi nyuma hadi ukutani, kijiko mkononi, maziwa yamemrukia usoni. "Basi siendi," alisema. "Siendi. Mwambieni kanisa warudishiwe. Siendi popote."

Mama alikuwa analia, baba yuko nje, na mimi nilikuwa bado nimepiga magoti kitandani, nguo yangu imelowa maziwa ambayo hayakuwa baraka ya mtu yeyote.

Ijumaa kulikuwa na jua kali. Shemasi mmoja wa kanisa la mama alikuja na pikapu yake kumpeleka Gladys uwanja wa ndege, maana ndege ilikuwa ya jioni. Alikuta nyumba imegawanyika. Mama alikuwa amemvalisha Gladys suti ya bluu na kulifunga sanduku. Baba alikuwa ameketi juu ya sanduku hilo.

"Mzee, saa zinaenda," shemasi alisema.

"Ziende."

"Baba Gladys, inuka," mama alisema. "Nakuomba mbele ya watu. Inuka."

Gladys hakuchukua upande wowote. Aliingia kwa Cucu na suti yake, akapiga magoti kando ya kitanda, akafungua vifungo viwili vya koti. Hakuomba kitu. Aliweka tu kifua chake pale, karibu na ule mdomo, akafumba macho na kungoja. Sote tulimfuata, baba wa mwisho. Chumba kilikuwa kidogo, nilibanwa kati ya shemasi na ukuta.

Cucu alitoa sauti. Haikuwa neno. Midomo yake ilikazana upande ule mzima, ikatetemeka, ikaachana. Ikakazana tena. Kidevu kilikuwa kinalowa. Kisha mkono wake wa kushoto, ule uliobaki kuwa wake, uliinuka kutoka kwenye blanketi, ukafika kifuani kwa Gladys, ukakaa pale kidogo. Na ukamsukuma. Ulimsukuma kwa nguvu ambayo hatukujua bado anayo. Gladys alianguka nyuma, akaketi sakafuni na suti yake ya bluu.

"Amemkataa," baba alisema. "Mmeona. Kwa mkono wa kushoto. Amemkataa."

"Amemwambia aende!" mama alisema. "Enda! Si umeona? Amemwambia enda!"

Gladys alimtazama Cucu, akingoja atoe ishara nyingine, yoyote. Lakini Cucu alikuwa amegeuza uso ukutani, na mkono ulikuwa umerudi kulala. Mama alimwinua Gladys kwapani, akamtoa nje. Sanduku lilikuwa halina mtu juu yake sasa. Shemasi akalitupa nyuma ya pikapu. Baba hakutoka. Nilikimbia na pikapu hadi barabarani na kuona kisogo cha Gladys kupitia kioo cha nyuma, wima kabisa. Hakugeuka. Sijui kama ni kwa sababu tuliambiwa anayesafiri hatazami nyuma, au kwa sababu hakuweza.

Cucu alifariki kabla mwezi haujaisha. Tulimzika pale pale Kiganjo, Gladys akiwa mbali, hajui.

Baada ya mazishi baba alikuwa mtu mwenye mdomo. Hivyo ndivyo mila ilivyosema: mama yake hayupo, sasa yeye ndiye anayeweza kubariki. Na wa kubarikiwa alikuwa ng'ambo ya bahari. Siku moja alivaa koti lake la kanisani, akajaza maziwa kwenye chupa ya soda, akaiziba kwa gazeti, akatuambia tufuatane naye posta ya Thika. Tulingoja sana kwenye foleni ya simu za nje. Karani alipomwashiria aingie kibandani, baba aliushika mkono wa simu kwa mikono miwili.

"Maitu?" alisema kwa nguvu, kana kwamba India iko ng'ambo ya mto Chania. "Maitu, ni mimi. Cucu ametuacha." Mabega yalikuwa yakimcheza. "Simama vizuri sasa. Simama."

Akapiga funda la maziwa, akafumba macho, akaligeuzageuza mdomoni vile vile alivyokuwa akifanya mama yake, na akapulizia ndani ya simu. Maziwa yalichirizika juu ya kile chombo na kudondoka sakafuni.

"We mzee!" mtu kwenye foleni alipiga kelele. "Unaharibu simu ya watu!"

"Thaai," baba alisema, hamwangalii.

Mama yangu, aliyeokoka, ambaye mambo hayo hakuyapenda, alivua kitambaa chake cha kichwa, akaifuta simu, akaifuta sakafu. Kisha akasema, "Thaai." Nami nikasema.

Gladys alirudi miaka mitano baadaye, akiwa amehitimu, amekonda, mwenye mvi chache kichwani mapema mno. Baba alimlaki uwanja wa ndege na kabla hata ya kumwuliza hali alimwuliza, "Maitu, yale maziwa yalifika?"

"Yalifika, Baba," alisema.

Baba alilia mbele za watu, akambebea sanduku mwenyewe. Mpaka alipofariki alikuwa akiwasimulia wageni jinsi baraka ilivyopita kwenye waya.

Ni mimi tu ambaye Gladys alinieleza ukweli, baada ya kumzika baba. Alisikia, "Cucu ametuacha," kisha mlio wa simu iliyokatika. Alisimama ukumbini mwa bweni ameshika simu, akijua tu kwamba Cucu amekufa na kwamba jambo la mwisho alilomfanyia ni kumsukuma. Miaka mitano yote, alipougua, alipofeli karatasi, alipoamka akiwa na hofu isiyo na jina, alijiambia ni kile kifua kikavu. Huko alijifunza yote ambayo kiharusi hufanya mwilini, jinsi mkono unavyoweza kuruka wenyewe bila mtu kuutuma, na akapata alama nzuri katika somo hilo. Haikumsaidia.

Watu huniuliza kama naamini mambo ya mate. Sina jibu la kuwapa. Dada yangu alivuka bahari bila baraka na hakupotea kama Kamau; ana duka lake la dawa, ana watoto. Lakini najua pia kwamba katika chumba kile hakuna aliyemtakia mabaya. Cucu, baba na mama, kila mmoja alikuwa akimshikilia asianguke, na kwa kumshikilia hivyo wakamrarua. Siku ile aliponieleza, nilimwuliza Gladys kwa nini alimdanganya baba. Alikuwa akikunja nguo za marehemu, tuzigawe.

"Si alikuwa ameuliza," alisema. Akaendelea kukunja.